Usafi wa ua usitugharimu pumzi

Msomaji mpendwa, hebu nikuulize swali ambalo huenda hujawahi kuulizwa na mgeni wako yeyote: uani kwako kukoje? Hali ya sebuleni naijua. Kuna vitambaa vya kufumwa juu ya makochi, meza imepanguswa, na sakafu inang'aa hata mtu anaona haya kuikanyaga kwa viatu. Lakini ukifungua mlango wa nyuma mambo ni mengine. Saruji imeota utando wa kijani, viti vya plastiki vilivyokuwa vyeupe vimegeuka rangi ya chai, na ile benchi ya mbao iliyonunuliwa kwa mafundi wa Barabara ya Ngong imepauka kama mfupa.

Kwa sisi tunaoishi mijini, pahali hapo padogo, kuwe ni ua, veranda au roshani ya ghorofani, hutumika kuliko hata sebule. Hapo ndipo tunapoanika nguo na kuchoma nyama siku za sikukuu. Hapo ndipo nyanya akija kutoka mashambani huketi kuota jua. Na hapo ndipo mtoto anayetambaa huweka kiganja chake, kisha akakipeleka kinywani. Kwa hivyo kusafisha pahali hapo si urembo wa kuwaonyesha majirani. Ni sehemu ya afya ya nyumba.

Utando ule wa kijani huzidi wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na hapa Nairobi baridi ya Julai huja kabla haujakauka. Hupenda penye unyevu na kivuli, hasa kando ya karo na chini ya mfereji wa paa. Ukilowa, huteleza kama ute wa bamia. Kijana akianguka atainuka na kucheka, lakini mzee akianguka aweza kuvunjika nyonga, na kuanzia siku hiyo maisha yake yakawa ya kitandani.

Kisha kuna maji yanayotuama. Mbu aina ya Aedes hupenda kutaga mayai katika vyombo vyenye maji karibu na nyumba: kopo lililosahauliwa, tairi kuukuu, kisahani cha chini ya chungu cha maua. Mbu huyo ndiye aenezaye homa ya dengue, iliyowasumbua wakazi wa Mombasa mwaka wa 2013, na chikungunya, iliyozuka huko mwishoni mwa 2017. Yai huchukua yapata wiki moja au zaidi kidogo hadi kuwa mbu anayeruka. Kwa hivyo anayemwaga maji hayo na kusugua vyombo hivyo kila wiki huikata safari ya mbu kabla haijafika mwisho.

Naam, ua usafishwe. Ninalotaka tuzungumze leo ni jinsi tunavyousafisha, na ni nani tunayemtuma aufanye kazi hiyo.

Haraka ya Jumamosi

Mnamo Aprili 2023, katika mtaa ninamoishi mashariki mwa Nairobi, jirani yangu alikuwa akingojea wageni wa posa. Nyumba zetu zimeshikana, na kila moja ina ua mdogo nyuma uliozungushiwa ukuta mrefu kuliko mtu. Binti aliyemsaidia kazi za nyumbani, ambaye hakuwa amemaliza hata miezi mitatu tangu aje mjini, aliambiwa kwamba ua sharti ung'ae kabla ya saa sita.

Binti alimwaga dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe ambayo wengi wetu huiita jiki bila kujali jina lililo kwenye chupa. Kijani haikuondoka haraka kama alivyotaka. Akachukua asidi ya kusafishia choo, akaimwaga juu ya ile jiki, akainama kusugua.

Nilikuwa nikianua nguo upande wa pili wa ukuta. Kwanza nilihisi harufu kali ikinichoma puani. Kisha nikasikia kikohozi kisichokatika. Mwenye nyumba aliita kutoka jikoni, "Kuna nini huko?" Hakujibiwa. Nilipozunguka mbio hadi kwao, mumewe alikuwa ameshika pumzi, ameingia uani na kumbeba yule binti hadi barabarani penye hewa. Macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa akivuta pumzi kama mtu anayezama.

Mama mmoja alikuja mbio na kikombe cha maziwa. Sote tumelelewa na imani kwamba maziwa huua sumu. Lakini kilichomdhuru binti huyu kilikuwa kimeingia mapafuni, na maziwa hayaendi huko. Alichohitaji kilikuwa hewa safi na hospitali. Huko alitiwa oksijeni na kulazwa hadi siku ya pili, kwa maana mapafu yaliyochomwa na gesi ya namna hiyo yaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye, hata kama mgonjwa ameanza kujisikia nafuu.

Wageni wa posa walikuja, wakala, wakaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyetoka nje kuangalia ua.

Aliporudi, nilikwenda kumjulia hali. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama, mimi nilidhani dawa mbili zina nguvu kuliko moja." Msomaji, maneno hayo hayajanitoka moyoni. Hakuwa mjinga. Alipiga hesabu ambayo mtu yeyote angeipiga kama hajaelezwa. Maandishi ya onyo kwenye chupa zile yalikuwa ya Kiingereza, tena madogo kama mbegu za wimbi, na hakuna aliyewahi kumsomea.

Kilichotokea uani pale

Jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Gesi hiyo ndiyo jeshi la Ujerumani liliyowafungulia askari wa upande wa pili karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, katika Vita Vikuu vya Kwanza. Ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo hulala chini. Ua mwembamba wenye kuta ndefu huishika kama bakuli linavyoshika supu, na anayeinama kusugua, au mtoto mfupi anayepita, ndiye huivuta kwa wingi.

Usidhani ni asidi ya choo peke yake yenye hatari hiyo. Siki na maji ya ndimu pia ni asidi, na havifai kutiwa kwenye jiki. Vile vile dawa zenye amonia, kama baadhi ya zile za kusafishia vioo, zikichanganywa na jiki hutoa gesi nyingine ya kudhuru mapafu. Kanuni ni fupi na mtoto wa shule aweza kuikariri: jiki huchanganywa na maji tu, basi.

Isitoshe, asidi haifai kwa ua wenyewe. Hula saruji polepole, na sakafu iliyochimbika huhifadhi uchafu zaidi kuliko ile laini. Waliotandika mawe ya Mazeras wakumbuke kwamba mawe hayo yameshikwa kwa saruji, na ikilika, jiwe litaanza kucheza.

Njia ya polepole

Chagua asubuhi yenye jua. Toa viti, vyungu na mikeka yote. Fagia pakiwa pakavu, kwa fagio la chelewa ukiwa nalo, kwa kuwa vumbi likimwagiwa maji huwa tope. Zoa majani yaliyoziba karo huku umevaa glavu.

Kisha lowanisha sakafu kwa maji yenye sabuni ya unga, uache kwa dakika 10 au 15. Hapa ndipo wengi wetu hukosa subira. Sabuni ikipewa muda hulegeza uchafu, na mkono hupata kazi ndogo. Baadaye sugua kwa brashi ngumu yenye mpini mrefu, ukisukuma uchafu kuelekea karo, kisha suuza. Kama mtaa wenu hupata maji kwa zamu, tumia yale ya mwisho ya kusuuzia nguo. Walio ghorofani wasimwage maji kupitia roshani. Chini kuna nguo za mwenzako zilizoanikwa, na ugomvi wa namna hiyo hauishi upesi.

Alama za mafuta ya nyama choma zinyunyizie magadi, umwagie maji ya moto kidogo, kisha sugua. Magadi nayo hukwaruza ngozi, kwa hivyo glavu zisivuliwe.

Kijani ikikataa baada ya hayo yote, ndipo jiki iitwe. Suuza sabuni kwanza. Changanya kikombe kimoja cha jiki na vikombe 15 hivi vya maji, ukitangulia kusoma maagizo ya chupa. Vaa glavu, gambuti na nguo kuukuu, watoto wawe ndani, na upepo utoke nyuma yako. Mwaga, ngoja dakika 10, sugua, kisha suuza kwa maji mengi. Changanya kiasi cha siku hiyo tu, kwa maana jiki iliyotiwa maji hupoteza nguvu haraka.

Wenye veranda za sakafu nyekundu wapake nta kidogo, wala wasiipake kwenye vidato. Sakafu inayong'aa mno ni mtego kwa miguu ya wazee.

Viti na meza

Viti vya plastiki visisuguliwe kwa waya wa kusugulia sufuria. Waya huacha mikwaruzo, na uchafu hupata makao mapya. Sabuni, maji ya vuguvugu na kitambaa laini vyatosha. Unapokiosha kiti, kikague miguu. Jua la miaka mingi hufanya plastiki iwe kavu na yenye kuvunjika, na ukiona nyufa au unga mweupe ukitoka, kiondoe kabla hakijamwangusha mgeni.

Mbao zioshwe kwa maji kidogo ya sabuni, kwa kufuata mkondo wa nyuzi zake, kisha zikaukie kivulini. Zikikauka kabisa, zipake mafuta ya linsidi yanayouzwa katika maduka ya rangi. Lakini angalia sana: kitambaa kilicholowa mafuta hayo kikikunjwa na kutupwa pembeni, chaweza kupata joto chenyewe hadi kikashika moto. Kitandaze nje kikauke kabla ya kukitupa.

Chuma chenye kutu kipigwe msasa, kipanguswe, kisha kipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya ile ya urembo. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, ambayo hudhuru akili za watoto. Kwa hivyo tumia msasa wa maji ili vumbi lisiruke, na ukusanye mabaki yote.

Chupa ya soda

Jambo moja bado. Dawa hizi, pamoja na mafuta ya taa, mara nyingi hununuliwa kwa kupimiwa na kutiwa katika chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma, lakini chupa ya soda anaijua. Ziache dawa katika chupa zake, juu, chini ya kufuli.

Mtoto akinywa mafuta ya taa au dawa kali, usimtapishe. Kinachochoma kikishuka huchoma tena kikipanda, na mafuta ya taa huweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitalini pamoja na chupa yenyewe. Dawa ikiruka jichoni, osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha umwone daktari.

Nimalizie kwa wenye nyumba wenzangu. Wengi wetu hatushiki brashi wenyewe. Tunampa binti wa watu ndoo, tunamwonyesha chupa kwa kidole, halafu tunakwenda sokoni. Mama yake alimtuma mjini kutafuta riziki, naye anatarajia kumwona akirudi na mapafu yake mazima. Kumnunulia glavu na gambuti hakumfilisi mtu. Kumsomea maandishi ya chupa kwa Kiswahili hakugharimu hata senti. Na kumwambia kwamba ua usipong'aa leo utang'aa kesho humwondolea ile haraka inayozaa maafa.

Jumamosi ijayo, kabla hujamkabidhi mtu ndoo, simama naye uani kwa dakika tano. Mwonyeshe kila chupa, mweleze ni ya nini na isikutane na nini, kisha mwambie akurudilie. Akikosea, mweleze tena kwa upole. Akipatia, shika nawe brashi ya pili, muanze pamoja.