Herufi ya Uhuru Angani

Sisi tuishio Horohoro, uhuru wetu una tarehe mbili. Upande huu wa mpaka ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Ng'ambo, kuanzia Lunga Lunga, tarehe 12 Desemba 1963. Neno ni lile lile, na lugha ni ile ile. Leo, wapenzi wa lugha, natamani tulitazame neno hilo mahali tusipozoea kulitafuta: miongoni mwa nyota.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitalia baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo zipatazo 140. Bibi Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi huo, alipendekeza chombo kiitwe Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji waliowapokea.

Kazi yake ilikuwa kutafuta mionzi ya eksirei itokayo kwenye nyota. Angahewa yetu huizuia mionzi hiyo, na hapo awali wanasayansi walitegemea zaidi roketi zilizochungulia kwa dakika chache kisha zikaanguka. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kuundwa mahususi kwa kazi hiyo. Iliizunguka dunia kwa dakika 96 hivi, huku ikijipindua taratibu na kuipekua mbingu kipande kwa kipande. Ilibaini kwamba Cen X-3 hupwita kila baada ya sekunde 4.8, na vipimo vyake vya Cygnus X-1 viliwasaidia wanaastronomia kulitambua shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Machi 1973 kazi ikakoma. Chombo kikaendelea kuzunguka kimya, hadi mwaka 1979 kiliporudi katika angahewa na kuteketea. Habari za mstaafu kwa kawaida huishia hapo. Lakini mwaka 1978 ilikuwa imetolewa orodha ya nne ya Uhuru, yenye vyanzo 339 vya eksirei, ambavyo majina yake huanza kwa 4U, kama vile 4U 1820-30. Hiyo 4 ni orodha ya nne. Hiyo U ni Uhuru. Mwanaastronomia wa Chicago huisoma "yu", lakini herufi ni yetu.

Jambo hili lanifurahisha na kunichoma. Nimefundisha miaka mingi katika shule za sekondari, ambako fizikia husomeshwa kwa Kiingereza. Kiswahili kimekubaliwa kukipa chombo jina, hakijakubaliwa kukieleza chombo hicho darasani. Huambiwa kwamba istilahi hazitoshi. Basi rudieni aya mbili zilizotangulia, mtafute ni wapi maana imekwama kwa kukosa neno.

Istilahi hukomaa kwa kutumiwa, na washairi ndio watumiaji wa kwanza wa maneno mapya. Nasubiri utenzi wa chombo hiki. Atakayeutunga asihofu kina: kuna nuru, kuna shukuru, na kuna ushuru, ambao sisi wa mpakani hatuhitaji kufafanuliwa.