Karatasi Yenye Vyumba Vinne

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wana wa Kisauni twaijua maana yake tangu utotoni, kwa kuwa kila duka la mtaani lina daftari lake kando ya mizani, na humo yameandikwa majina ya wazazi wetu, deni la unga, deni la sukari, deni la mafuta. Lakini je, ndugu msomaji, umewahi kujiuliza kwa nini daftari liwe la mwenye duka peke yake? Mwanafunzi naye ana mali. Ana muda, ana akili, ana afya, ana miaka minne ya sekondari. Mali hiyo nayo hupotea bila habari, tena haraka kuliko sukari.

Nia yangu katika makala haya ni kuwaeleza wenzangu kuhusu chombo kimoja cha wafanyabiashara ambacho kimenisaidia kujipima mimi mwenyewe. Huitwa SWOT, kwa kufuata herufi za mwanzo za maneno manne ya Kiingereza. Kilianza kutumika huko Marekani miaka ya 1960, wakati makampuni makubwa yalipotaka kupanga mambo ya miaka ijayo. Leo kimefika hadi vichochoroni mwetu. Serikali ilipoanzisha Hazina ya Wanawake mwaka 2007, kisha Hazina ya Uwezo mwaka 2013, vikundi vya akina mama vilijifunza kwamba anayetaka mkopo huulizwa kwanza mpango wake wa biashara.

Chombo chenyewe si kigumu. Chukua karatasi, piga mstari mmoja wa kushuka na mmoja wa kukata katikati. Utapata vyumba vinne. Cha kwanza ni Nguvu, cha pili Udhaifu, cha tatu Nafasi, na cha nne Hatari. Nguvu na Udhaifu ni mambo ya ndani, yaliyo mikononi mwako. Nafasi na Hatari ni mambo ya nje, yanayokuja yakitaka na kuondoka yakitaka. Ukiifikiria nyumba ya Kiswahili utaelewa mara moja: vyumba viwili vya kwanza viko ndani ya mlango, na viwili vya mwisho viko barazani na njiani.

Mimi nilikutana na karatasi hiyo nyumbani kabla ya kukutana nayo darasani. Mamangu huuza mahamri na mbaazi hapa Mlaleo. Chama chao cha akina mama kiliamua kuomba mkopo, na kila mmoja akapewa karatasi aijaze. Mama kusoma anajua kidogo, lakini kuandika kwamchosha, basi kalamu nikashika mimi. Usiku huo stima ilikuwa imepotea. Tukakaa mkekani na kitochi cha simu.

"Nguvu," nikamsomea.

"Mkono wangu," akasema. "Andika, mahamri yangu hufura na hayanywi mafuta."

"Na nini tena, Mama?"

"Na wewe. Andika, binti yangu yuko, hunisaidia kukanda na kuhesabu."

Kwenye Udhaifu hakusita. "Kukopesha. Mtu akinijia na uso wa huruma, mie simwezi. Andika vivyo hivyo, tusiwadanganye watu." Hatari ilikuwa bei ya unga na mafuta ya kukaangia, na mvua ya masika inayofukuza wateja. Nafasi ndiyo iliyomfanya atabasamu. Pale steji ya tuktuk hapakuwa na mtu anayeuza chai wala mahamri, na madereva hufika alfajiri na njaa zao. Akipata mkopo, ataweka kibanda cha pili.

Jumapili yake shangazi yangu alikuja kututembelea. Alipoelezwa habari ya steji alifurahi, kisha akauliza, "Na hicho cha pili atakikaa nani? Huyu si mkubwa? Apumzike shule mwaka mmoja tu, deni likilipika atarudi." Mama hakujibu ndiyo wala la. Nami sikuwa na la kusema, maana kwetu mtoto hamkatizi shangazi yake.

Usiku ule nikaichukua nakala ya karatasi ya Mama, nikaigeuza nyuma, nikapiga mistari yangu miwili. Nilitaka kujua jambo moja: mtu akitaka nipumzike shule, mimi mwenyewe nina nini cha kuonyesha?

Mambo yaliyonishangaza yalikuwa mawili. La kwanza ni hili. Vitu vingi tunavyosema kujihusu sisi wanafunzi viko katika chumba kisicho chake. Sikilizeni maneno yetu wakati wa mapumziko. "Mimi kichwa changu kizito." "Kemia yenyewe ni ngumu." "Mwalimu huyu hanipendi." Nilipoanza kuyagawa maneno kama hayo, niliona kwamba "kichwa kizito" mara nyingi si udhaifu wa ndani. Ni stima inayopotea usiku, ni chumba kimoja cha watu watano, ni kwamba lazima niwe nyumbani kabla ya magharibi, maana Kisauni yetu imetangazwa mara nyingi redioni kwa sababu ya vijana wenye mapanga. Hizo ni Hatari, ziko nje ya mlango. Kwa upande wa pili, "Kemia ni ngumu" halikuwa jambo la nje. Mimi huona haya kuinua mkono darasani. Huo ni Udhaifu, uko ndani, na ufunguo wake ninao mimi. Anayeweka la nje ndani hujidharau bure. Anayeweka la ndani nje hungoja mpaka achoke, kwa sababu hakuna mtu atakayekuja kumwondolea.

Huenda msomaji atasema, "Mimi nikiandika ukweli, chumba cha Udhaifu kitajaa na cha Nguvu kitabaki kitupu." Kwa huyo nina mfano wa jirani. Sote tunalijua shimo la mawe la Bamburi. Kiwanda cha saruji kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na kwa miaka mingi kilichimba mawe ya matumbawe mpaka pakabaki jangwa jeupe lisilo na udongo. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo aitwaye René Haller alianza kupanda miti pale. Alijaribu aina 26. Baada ya miezi sita aina tatu tu ndizo zilizobaki hai, na mmoja wao ni mvinje. Hakulia kwa ajili ya aina 23 zilizokufa. Aliushika mvinje. Majani ya mvinje nayo hayakutaka kuoza, basi akaleta majongoo wayale, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Mwaka 1984 mahali pale palifunguliwa kwa wageni, na leo ndipo tunapopelekwa kutazama twiga na viboko. Jiwe halikuacha kuwa jiwe. Yeye alitafuta kitu kinachokubali kuishi na jiwe, akaanzia hapo.

Nami nikatafuta mvinje wangu. Niliupata katika jambo ambalo sikuwahi kulihesabu kuwa nguvu: nikisikia kitu mara moja, nakikumbuka. Nikilisoma jambo hilo hilo kitabuni, kesho limekwenda. Hapo ndipo nikaoanisha vyumba, kama wafanyavyo wafanyabiashara, kwa kuuliza nguvu hii yaweza kuubebaje udhaifu ule. Nina rafiki katika darasa letu ambaye Kemia kwake ni kama maji ya kunywa, lakini sarufi ya Kiswahili humtoa jasho. Tukapatana. Kila siku wakati wa mapumziko mafupi yeye hunieleza swali moja la Kemia kwa mdomo, na mimi humweleza jambo moja la ngeli. Swali moja tu. Haba na haba hujaza kibaba. Bado siogelei katika Kemia, ila sizami tena, na mwezi uliopita niliinua mkono mara mbili.

Jambo la pili lililonishangaza ndilo zito. Katika chumba cha Hatari, mstari wa kwanza niliouandika ulikuwa "kibanda cha steji". Sisi tuliofanya KCPE mwaka 2023 ndio tuliokuwa wa mwisho kuifanya. Nyuma yetu hakuna Kidato cha Pili, kuna Gredi ya Kumi. KCSE yetu ni mwaka 2027, basi. Anayepumzika mwaka mmoja hana darasa la kurudia, maana darasa lenyewe halitakuwapo. Shangazi yangu hakulijua hilo, na si kosa lake. Nikaitazama karatasi ile mbele na nyuma. Upande wa Mama, kibanda cha pili kilikuwa Nafasi, nami nilikuwa Nguvu. Upande wangu, kibanda kile kile kilikuwa Hatari. Karatasi ni moja, kitu ni kimoja, na vyumba ni viwili tofauti.

Ningeweza kuificha chini ya godoro. Lakini nilikumbuka kwamba nyani haoni kundule, na kwamba daftari la duka husomwa na watu wawili, mwenye duka na mwenye deni. Basi kesho yake jioni, Mama akichambua mbaazi, nikamsomea pande zote mbili bila kuongeza neno.

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Kumbe hapa wewe u nguvu yangu, na kule mimi ni hatari yako."

"Si wewe, Mama. Ni kile kibanda."

"Haya, lete kalamu. Tukiandike upya."

Tukakiandika upya. Katika Nguvu zake jina langu lilibaki, lakini likawekewa saa: alfajiri mpaka saa kumi na mbili, na Jumamosi. Kibanda cha steji kitafunguliwa alfajiri na kufungwa saa tatu asubuhi, na atakikaa mwanachama mwenzake ambaye alikuwa hana kazi, wagawane faida. Kiasi cha mkopo kikapunguzwa. Shangazi alipoambiwa alisema, "Mwaipoteza nusu ya faida."

Mama akamjibu kwa upole, "Nusu ya faida ni yake yule mwenzangu. Shule yote ni ya mtoto."

Sitaki mtu adhani kwamba karatasi ni hirizi. Chama kilipata mkopo na kibanda kipo, lakini masika yalipokuja zilikuwapo siku ambazo mahamri yalirudi nyumbani tukayala sisi. Deni bado lalipwa kila mwezi. Karo yangu nayo haijaisha yote. Kilichobadilika ni kwamba nyumbani kwetu sasa jambo hilo lina jina na lina chumba, na mtu aweza kulitaja bila kuonekana anavunja heshima. Mtoto wa Pwani kumwambia mzazi wake "sitaki" ni kazi ngumu. Kumsomea karatasi ni rahisi zaidi.

Tena kuna mahali ambapo mtu na duka huachana njia. Duka likiona bidhaa haitoki, huiacha. Mtu hawezi kumwacha ndugu yake mgonjwa kwa sababu anamlia muda wa kusoma. Ukimkuta nduguyo katika chumba cha Hatari, mwangalie vizuri, utaona mara nyingi si yeye, ni saa. Basi andika saa, kisha utafute saa nyingine.

Kwa wenzangu wanaotaka kujaribu, nina maneno matatu. Kwanza, andika vitu vinavyoonekana. "Mimi ni mvivu" hakusaidii kitu, lakini "naacha zoezi la Hisabati nikifika swali la nne" kunakuonyesha mahali pa kuanzia. Pili, kila mstari upe kazi moja ya wiki hii, hata iwe ndogo kama swali moja wakati wa mapumziko. Mstari usio na kazi ni malalamiko. Tatu, andika tarehe juu, kisha mwisho wa muhula uitoe karatasi uisome tena mbele ya mtu unayemwamini, kwa maana vitu huhama vyumba. Ukisimama ufuoni Mishomoroni utaiona Tudor ng'ambo ya maji, na huko ndiko kiliko Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilichopewa hadhi ya chuo kikuu mwaka 2013. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza sikukiandika popote, kilikuwa majengo tu. Muhula huu nimekiandika katika chumba cha Nafasi, na mbele yake nimeweka kazi ya wiki: swali la Kemia la Jumatatu.