Kabla ya Kutoa Sifuri, Angalia Saa ya Mashine

Wanachuo wenzangu wa Ualimu, hasa mnaosubiri kupangiwa vituo vya BTP, hii ni yenu.

Mimi nilipangiwa shule moja wilayani Hanang, si mbali na Katesh, chini ya mlima wenye zaidi ya mita 3,400. Asubuhi baridi, jioni baridi. Maabara ya kompyuta ilikuwa na mashine kuukuu zenye Ubuntu, na intaneti hakuna. Kidato cha tatu wakapewa kazi ya jedwali la alama. Mwalimu wa somo alipofungua mafaili, moja lilisomeka limehifadhiwa tarehe 1 Januari 2009. Akahitimisha kwamba binti amekopi faili la zamani lililokuwa humo. Sifuri.

Binti akanifuata chini ya mti. “Shikamoo madamu. Mwaka 2009 mimi nilikuwa nabebwa mgongoni. Hiyo kazi nimeifanya juzi.”

Sasa tuelewane kitu kimoja: ndani ya kompyuta hakuna saa moja, zipo kadhaa. Ya kwanza hutembea hata mashine ikiwa imezimwa. Ni kipande cha kwatzi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, kinacholishwa na betri bapa ya volti 3, ile CR2032. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 15, kwa hiyo saketi inaigawa kwa mbili mara 15, inapata sekunde moja. Betri ikifa na umeme ukikatika, mashine inasahau tarehe na kurudi kwenye ile ya kiwandani. Yenye intaneti hujisahihisha kwa kuuliza seva za muda. Yetu ilikuwa haina wa kumuuliza.

Nikamwomba mwalimu tufanye jaribio. Tukazima mashine, tukachomoa waya, tukaiwasha tena, tukaandika faili jipya mbele yake. Likasoma 1 Januari 2009. “Kumbe!” akasema, na alama za binti zikarudi. Wikiendi nikapanda gari kwenda Mbulu kwa shangazi, kupitia Dareda na Dongobesh, nikarudi na betri mpya mfukoni.

Hadithi ingeishia hapo, ila nilipozipitia kumbukumbu za mashine nyingine kwa amri ya dmesg nikakuta ujumbe kwamba kihesabio kiitwacho TSC kimekataliwa. Hapa ndipo penye somo lenyewe. Linux ikishawaka huisoma ile saa ya betri kupata tarehe, halafu inaendelea kuhesabu muda kwa chanzo kingine inachokichagua. TSC kipo ndani ya prosesa yenyewe, tangu Pentium ya mwaka 1993, na kukisoma ni haraka mno. Tatizo ni kwamba kwenye prosesa nyingi za zamani, mashine ikipunguza kasi ili kuokoa umeme, nacho kinapunguza mwendo. HPET kipo nje ya prosesa, hutembea kwa angalau mizunguko milioni 10 kwa sekunde, na hakijali prosesa imechoka au la. Lakini kukisoma kunachukua muda zaidi. Kipo pia cha ACPI, cha mizunguko 3,579,545 kwa sekunde, kizee ila mtulivu.

Linux hufanyaje? Inaanza na kile cha haraka, lakini inamwekea mlinzi: kila baada ya muda mfupi inalinganisha hesabu yake na ya HPET au ACPI. Zikipishana kupita kiasi, TSC kinavuliwa cheo, anapewa mwingine. Mashine inakubali kuwa polepole kidogo kuliko kuwa mwongo. Ukitaka kujua yako imemchagua nani, soma faili current_clocksource chini ya /sys/devices/system/clocksource/clocksource0.

Nilipoielewa hiyo nikaanza kuiangalia hata kengele yetu, rimu la gari linalogongwa kwa chuma. Mpiga kengele alifuata saa ya ukutani ya ofisini, na niliposimama nayo nikiwa na simu, ilikuwa mbele kwa dakika saba. Watoto wanaotoka mbali kwa miguu walikuwa wanaandikwa wachelewaji ilhali wamefika kabla ya saa moja na nusu. Tukakubaliana na mwalimu wa zamu kwamba kila Jumatatu saa ya ukutani ilinganishwe na simu mbili za mitandao tofauti. Orodha ya wachelewaji ikapungua wiki hiyo hiyo.

Kwa hiyo ukienda kituoni, siku ya kwanza kabisa washa kila mashine, angalia tarehe. Beba betri mbili tatu, hazina uzito. Na ukiona muda kwenye faili au daftari la zamu unataka kumhukumu mwanafunzi, uliza kwanza muda huo umetoka kwenye saa ipi, na nani mwingine ameuthibitisha.