Nyuzi Nene na Nyuzi Nyembamba

Kiswahili hupima joto kwa neno la mshonaji: nyuzi. Lisilosemwa ni kwamba nyuzi hizo hazina unene mmoja. Baina ya maji kuganda na maji kuchemka, kipimo cha Selsiasi kimetandaza nyuzi 100, na cha Farenhaiti 180, tena hiki cha pili huanza kuhesabu mapema, kwa kuwa maji yake huganda kwenye 32. Nyuzi tisa za huyu ni sawa na tano za yule.

Tangu nihamie Minnesota naishi baina ya vipimo hivi viwili. Hesabu yenyewe haikunitisha, maana sisi ni wazoefu: anayesema saa mbili asubuhi akaandika 8:00 hutafsiri kipimo bila karatasi. Lakini saa zimetofautiana mwanzo tu. Unaongeza sita, basi. Joto limetofautiana mwanzo na hatua pia, na hapo ndipo njia ya mkato huanza kudanganya.

Njia wanayopewa wageni huku nimeitia mizani isipotee:

Toa kwanza thelathini, nusu yake ibakie,
Koti uvae mwilini, homa usiipimie.

Nje kukiwa 70, toa 30, nusu ya 40 ni 20. Jibu kamili ni 21 na chembe. Kwa koti yatosha.

Kipande cha mwisho nimekiweka kwa sababu. Majira ya baridi yaliyopita binti yangu mdogo alishikwa na homa usiku, kipimajoto kikaonyesha 102. Mama yangu alikuwa kwenye simu, yuko Tanga.

"Mia na mbili! Mwanangu, maji si huchemka kwa mia?"

Alitaka namba anayoijua. Njia ya koti ingempa 36, yaani mtoto mzima asiye na lolote. Njia hiyo ni sahihi kabisa kwenye 50 peke yake. Kila ukipanda, hupungukiwa zaidi. Nikaiacha. Nilitoa 32, zikabaki 70. Nusu yake 35. Nikaongeza sehemu ya kumi ya hiyo nusu, 3.5, kisha sehemu ya kumi ya nyongeza hiyo, 0.35.

"Thelathini na tisa kasoro kidogo, mama."

"Basi mpeleke hospitali, usingoje kupambazuke."

Tukaenda. Tangu usiku ule nimehifadhi jozi chache kama mtu ahifadhivyo vina: 37 ni 98.6, 38 ni 100.4, 39 ni 102.2, na 40 ni 104. Mbele ya mtoto anayetetemeka, kukumbuka ni upesi kuliko kukokotoa.

Watunzi wana zawadi yao ndogo humu. Mizani 16 za mshororo wetu, ukizigeuza nyuma mbele, ni 61, na kweli nyuzi 16 za Selsiasi ni takriban 61 za Farenhaiti. Siku ya kawaida ya Tanga, 28, hugeuka 82. Msijaribu 17, haikubali.

Chini kabisa, kwenye 40 chini ya sifuri, nyuzi nene na nyembamba hukutana katika namba moja. Hapo mama asingehitaji mkalimani. Baridi hiyo sijaionja bado, wala sina haraka nayo.