Mbio za Tambarare, Kando ya Mfereji

Mtu aliyezaliwa milimani, kama mimi niliyetoka Kigezi, akihamishiwa nchi ya tambarare huambiwa na wenziwe kwamba amepewa likizo. Hakuna kupanda wala kushuka, husema, utakimbia kama maji mferejini. Nami kwa muda wa miaka minne nimekuwa nikikimbia katika tambarare ya Butaleja, mashariki ya Uganda, kando ya mashamba ya mpunga ya Doho. Leo ningependa kuwaeleza wasomaji wa ukurasa huu, hasa askari wenzangu wanaohamishwa mara kwa mara pamoja na jamaa zao, ni mambo gani nchi ya namna hiyo humtaka mkimbiaji ayatimize.

Mashamba ya Doho, ambayo serikali iliyaanzisha katika miaka ya 1970, yana ukubwa wa hekta 1,000 hivi. Maji yake hutoka mto Manafwa, unaoteremka kutoka Mlima Elgon, na yakisha kuyapitia mashamba huendelea hadi katika vinamasi vya mto Mpologoma na mwishowe katika Ziwa Kyoga. Kando ya mfereji mkuu kuna njia ya udongo inayotosha kupita trekta. Kutoka hapo hugawanyika mifereji midogo, kisha majaruba yaliyotengwa kwa matuta membamba. Asubuhi isiyo na ukungu, Elgon huonekana upande wa mashariki kama ukuta wa samawati, na yangeyange husimama majini kwa mamia, weupe kama nguo zilizoanikwa. Sijui uwanja wowote wa mazoezi ulio mzuri kuliko huo.

Walakini uzuri haupunguzi taabu. Milimani mwili hupanda ukiteseka, kisha huteremka ukipumzika, na kila upande misuli mingine hushika zamu. Katika tambarare hakuna zamu. Hatua ya kwanza ni sawa na ya elfu tano, na misuli ileile hubeba mzigo uleule hadi mwisho. Macho nayo hudanganyika: mwembe unaouona mbele yako hukaa palepale kwa robo saa nzima, kana kwamba unarudi nyuma kadiri unavyousogelea. Tena hakuna kivuli, kwa kuwa mpunga haupendi miti jirani. Ikifika saa tatu asubuhi jua hukupiga kutoka juu, na maji ya majaruba hukupiga tena kutoka chini.

Dawa yake nilifundishwa na sajenti mmoja wa makamo, ambaye hakuwa na saa wala viatu vya fahari. Yeye alikuwa akiitumia milango ya maji ya mfereji kuwa alama zake. Kutoka mlango mmoja hadi wa pili alikimbia kwa kasi, na kutoka huo hadi wa tatu polepole, hivyo akajitengenezea vilima pasipo na kilima. Pia alianza safari akiukabili upepo, ili wakati wa kurudi, miguu ikiwa imechoka, upepo umsukume mgongoni. Urefu wa njia tuliupima kwa pikipiki ya bodaboda iliyokuwa na kipimo kizima, jambo ambalo katika nchi yetu si dogo.

Wapo wanaosema kwamba mkimbiaji hodari hutoka milimani tu. Kweli, Joshua Cheptegei, ambaye ni afisa wa polisi, alitoka Sebei katika miteremko ya Elgon, na Jacob Kiplimo alitoka mlima huohuo. Lakini Kiplimo alipoweka rekodi ya dunia ya nusu marathoni mwezi wa Novemba 2021, kwa dakika 57 na sekunde 31, alikimbia Lisbon, katika njia ya tambarare kando ya mto Tagus. Tena tusimsahau marehemu John Akii-Bua. Yeye alikuwa askari polisi, mzaliwa wa Lango, nchi tambarare ya vinamasi vinavyomwaga maji Kyoga. Mwaka 1972 huko Munich alikimbia mita 400 za kuruka viunzi katika njia ya kwanza ya ndani, ambayo wakimbiaji huiogopa kwa ukali wa kona zake, akamaliza kwa sekunde 47.82. Hakuna mtu aliyekuwa amepata kushuka chini ya sekunde 48 kabla yake, wala Uganda haikuwa imepata kuvaa nishani ya dhahabu ya Olimpiki.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko upepo na jua. Katika juma letu la kwanza tulikuwa watatu, tunakimbia alfajiri kimya kimya, tumefuatana mmoja nyuma ya mwingine. Mbele yetu mama mmoja alikuwa akipalilia, mtoto mgongoni. Alipoinua uso na kutuona, aliliacha jembe palepale, akashuka katika jaruba maji yakimfika magotini, akasimama huko akituangalia mpaka tulipopita. Hakupiga kelele. Jioni tulimwendea mwenyekiti wa kijiji, na hapo mzee mmoja akatuambia kwa upole, "Wanangu, hapa mtu akikimbia, kwanza tunatazama nyuma yake kuna nani. Nanyi ni askari, basi twatazama mbele yenu kuna nani."

Maneno hayo hayahitaji kufasiriwa kwa mtu aliyekulia Uganda. Watu wazima wa nchi hii waliiona miaka ya 1970 na ya 1980, na katika miaka hiyo ilitokea mara nyingi kwamba askari akikimbia kuelekea kijijini, kijiji nacho hukimbia. Mama yule hakuwa na umri wa kuyakumbuka hayo, lakini woga wa namna hiyo hurithiwa kama jembe. Na tambarare huuzidisha, maana milimani mtu hutokea ghafla penye kona ukamjua papo hapo, lakini katika nchi ya wazi humwona akija kwa muda mrefu kabla hujaweza kuutambua uso wake.

Tangu siku ile ndipo nilipoielewa faida nyingine ya mchakamchaka. Makuruta huambiwa kwamba nyimbo zile ni za kupatanisha hatua na pumzi, na ni kweli. Lakini wimbo pia hutangulia mbele ya miguu na kuwaambia watu kwamba wanaokuja hawafukuzi wala hawafukuzwi, kwa sababu hakuna mtu amfukuzaye mwenziwe huku akiimba. Akimbiaye peke yake hana wimbo. Basi imempasa kutanguliza salamu, tena mapema, kwa lugha ya wenyeji. Sisi tulijifunza salamu za Kinyole kabla ya kuzijua njia. Tulikubaliana na mwenyekiti saa za kupita, tukavaa fulana za rangi ya kung'aa, na penye watu walioinama kazini tukatembea badala ya kukimbia. Matuta madogo tuliyaacha kabisa. Tuta likibomoka kwa kishindo cha kiatu, maji ya jaruba hutoka yote, na mwenye shamba hupoteza siku nzima akiziba.

Kwa akina mama wa kambini, ambao siku hizi nao hutoka mbio asubuhi wakiwa na watoto, nina neno moja la nyumbani. Msiwaruhusu watoto kupoza miguu mferejini. Maji yaliyotulia yenye konokono yaweza kuwa na vijidudu vya kichocho, ambavyo hutoka katika konokono mchana wakati wa jua na kuipenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Wabebeeni maji yaliyochemshwa ya kunywa, na viatu vyenye tope vioshwe kwa maji ya bomba nyumbani. Mtoto aliyekwisha kucheza humo apelekwe zahanati akapimwe, kwa maana dawa yake ipo na hutibu.

Mpunga unapoanza kutoa masuke, watoto wa kijiji huwekwa mashambani tangu alfajiri kuamia ndege, wakipiga makopo na kupaza sauti. Katika majuma hayo mkimbiaji haitaji wimbo. Watoto humwona toka mbali, na kelele za makopo humpokea kutoka shamba hadi shamba, nao wakorofi zaidi huacha ndege wale mpunga wakashindana naye hadi mlango wa pili wa maji. Mama yule niliyemtaja ana mvulana wa miaka sita hivi katika kundi hilo, kaka yake yule wa mgongoni. Mwaka huu alinishinda mara mbili, akiwa peku, na mama yake akamwita kwa ukali arudi kwenye ndege wake.