Sakafu ya Moto ya Nisyros

Ukiwa kisiwani Kos, Ugiriki, Nisyros huonekana mlima mmoja tu uliosimama baharini, wa mviringo, wenye kijani kilichofifia na nyumba nyeupe miguuni pake. Hakuna kinachokudokezea kwamba katikati yake ni shimo. Boti hukushusha Mandraki, mji mdogo wa bandari, chini ya genge lililobeba monasteri ya Panagia Spiliani. Kisiwa kizima kina wakazi wapatao elfu moja. Mabasi husubiri karibu na gati, kwa kuwa wageni wengi huja asubuhi, hupelekwa kwenye kreta, hula samaki, kisha huondoka na boti ya alasiri.

Barabara inapanda kwa kona kali. Kushoto na kulia mteremko umekatwa matuta, moja juu ya jingine, kila tuta likishikiliwa na ukuta wa mawe ya volkano yaliyopangwa kwa mkono bila saruji. Mizeituni. Milozi. Mialoni mifupi iliyopindwa na upepo. Matuta mengi sasa yameota magugu, maana waliokuwa wakiyalima, au watoto wao, walihamia mbali, wengi wao New York, na kuta zao zimebaki wima bila mwenye kuzihitaji. Nilizitazama kuta hizo zaidi kuliko nilivyoitazama bahari. Kila jiwe pale liliinuliwa na mtu.

Kisha ardhi inakatika. Chini kuna bonde la Lakki, kaldera, yaani shimo kubwa la volkano, yenye upana wa kilomita 4 hivi. Aliyewahi kusimama ukingoni mwa Ngorongoro atalitambua umbo lake papo hapo, ijapokuwa Ngorongoro ina upana wa karibu kilomita 20 na moto wake ulizimika zamani sana. Huku haujazimika. Sehemu moja ya bonde ni mashamba na malisho. Niliona ng'ombe, na nguruwe wakifukua chini ya miti. Sehemu nyingine ni nyeupe, haina hata jani. Kutoka kwenye majani mpaka kwenye udongo mtupu ni hatua chache.

Harufu hutangulia. Ni ya mayai viza, na huingia basini hata madirisha yakiwa yamefungwa. Baada ya muda pua huizoea, lakini koo linaendelea kuwasha.

Stefanos ndiyo kreta inayowavuta wageni. Upana wake ni karibu mita 300 na kina chake mita 27 hivi, yaani jengo la ghorofa nane lingezama humo lote. Njia ya kushukia imekatwa ubavuni, vumbi na changarawe tupu. Kuta zimepangika tabaka za kijivu, kahawia na manjano. Nilipokuwa bado juu niliwaona waliotangulia wakitembea sakafuni, watoto wakiwa vitone vya rangi tu, na sauti zao zilinifikia vipande vipande.

Sakafu ni udongo mweupe mgumu uliochanika nyufa. Ukikanyaga kwa nguvu, mlio unaorudi ni wa mahali penye uwazi chini yake. Joto lilipenya soli za viatu vyangu, taratibu kwanza, kisha likanilazimu nisisimame mahali pamoja. Mdomoni mwa kila tundu la mvuke, salfa imeganda kwa sindano nyembamba za manjano, dhaifu kiasi kwamba kidole kingezivunja zote kwa mguso mmoja. Nilichuchumaa mbele ya tundu moja. Mvuke ulitoka kwa mluzi, ukakatika, ukaanza tena. Joto lake hukaribia nyuzi 100, ndiyo maana baadhi ya sehemu zimezungushiwa kamba: pale udongo ni ukoko mwembamba, na chini yake tope linachemka. Watu wakinyamaza unalisikia likitokota.

Lava haipo hapa. Maji ya mvua na ya bahari huzama kwenye nyufa, hukutana na miamba yenye moto huko chini, na hurudi juu yakiwa mvuke. Mvuke ukikosa njia, huipasua ardhi. Stefanos ilizaliwa hivyo maelfu ya miaka iliyopita, na milipuko ya namna hiyo ilitokea tena mwaka 1873 na 1887, ikaacha mashimo madogo jirani. Wagiriki wa kale walisimulia kwamba mungu Poseidon alimega kipande cha Kos akalitupia jitu Polyvotis, na kwamba jitu hilo lingali likigumia chini ya kisiwa. Katika miaka ya 1980 mitambo ililetwa bondeni, visima vikachimbwa kutafuta mvuke wa kuzalisha umeme, kama unavyozalishwa Olkaria nchini Kenya. Wakazi walipinga, na mpango ukasimama. Nikiwa pale sakafuni, nyayo zikiniungua, niliwaelewa.

Kinachonigusa zaidi ya kreta yenyewe ni vijiji viwili vilivyojengwa ukingoni juu yake. Nikia kina kiwanja kidogo cha duara kilichotandikwa kokoto nyeusi na nyeupe, na kutoka vibaraza vyake Stefanos ni kisahani cheupe. Emporios kiko upande wa pili. Tetemeko la mwaka 1933 lilikibomoa, wengi wakateremka kuishi Pali, pwani. Sasa baadhi ya nyumba zimeezekwa upya. Nyingine zina mtini uliomea sebuleni.

Huko Emporios, bibi mmoja aliyekuwa akimenya lozi mlangoni aliniuliza kwa Kiingereza cha kuungaunga kama nilikwenda kule chini saa sita mchana bila kofia. Nilipokubali, alinimiminia soumada, kinywaji chao cha lozi, kitamu na kizito.

"Kunywa, mwanangu. Halafu uende pangoni," alisema. "Wakati wa baridi magoti yangu huponea humo."

Pango lenyewe liko penye njia ya kuingilia kijijini, uwazi mdogo mwambani ambamo mvuke wa mlima hutoka polepole, wa vuguvugu, karibu bila harufu. Kuna mahali pa kukaa. Mwamba nilioegemea ulikuwa na unyevu na joto, na joto hilo lilinipenya mgongoni mpaka shati likalowa. Nikatoka kwenda kulitafuta basi la Mandraki.