Meli ya kitalii na mzazi mwenye sukari na presha (sehemu ya 4)

Tangu niweke zile picha za mama amekaa kwenye sitaha na miwani yake ya jua, inboksi imejaa. Nusu mnauliza bei, nusu mnauliza kama kweli mama wa miaka 69 anaweza kukaa baharini siku saba. Bei na viza zitakuwa na sehemu yake kwa sababu ni ndefu. Leo tuongee afya.

Kwa wale wapya: mimi ni nesi wa hospitali huku Dubai, nyumbani Mombasa. Mamangu ana presha na sukari, anameza vidonge mchana na usiku anadunga insulini. Alikuja kunitembelea Januari, tukapanda meli hapa hapa Dubai, ikatuzungusha Abu Dhabi, Doha, Muscat na Khasab, ikaturudisha. Meli hizi huja Ghuba msimu wa baridi, tuseme Novemba mpaka Machi. Kiangazi msiulize hata, joto la huku si la kuchezea na mzee.

Dawa zinaanzia Mombasa, haziangojei bandari. Kabla mzazi hajapanda ndege, zimwageni dawa zake kitandani mzipitie moja moja. Falme za Kiarabu wana sheria kali: tramado, dawa zenye kodeini, diazepamu na baadhi ya dawa za usingizi haziingii bila kibali cha mamlaka yao, na kibali huombwa mtandaoni kabla ya safari. Wazee wetu wangapi wana tramado ya magoti kwenye mkoba na hata jina lake hawalijui? Mwambie daktari aandike barua yenye jina halisi la kila dawa na kipimo chake, na dawa zenyewe zibaki kwenye pakiti zake. Ile tabia ya kuchanganya vidonge vyote kwenye kichupa cha Panadol, hapana.

Mkifika bandarini, mabegi makubwa yanachukuliwa mlangoni na wahudumu, halafu yanaletwa chumbani baadaye, mara nyingine jioni kabisa. Kwa hiyo dawa zote, mashine ya kupimia sukari na vijikaratasi vyake, miwani, na kitu cha kutafuna, vyote viwe kwenye mkoba wa mkononi. Insulini hasa. Kalamu ambayo tayari inatumika, kwa aina nyingi, hukaa nje ya friji kama wiki nne mradi joto lisipite nyuzi 30. Zile za akiba zinataka friji ya kweli, na hicho kijifriji cha chumbani kwenye meli nyingi kinapoza soda tu. Mwambie mhudumu wa chumba una insulini. Wetu alituletea friji ndogo ya dawa siku ileile, bila malipo. Aliuliza pia kama tunataka kile kisanduku cha plastiki cha kutupia sindano. Ukubali. Sindano haitupwi kwenye pipa la chooni, kuna kijana wa watu anayemwaga lile pipa kwa mkono.

Sasa kichefuchefu. Chagueni chumba cha katikati ya meli na cha chini, maana huko mtikisiko ni mdogo. Chumba cha juu mbele kina mandhari nzuri na ndicho kinachoyumba zaidi. Ghuba kwa kawaida imetulia, lakini wakati wa baridi kuna upepo wa shamali, ukivuma siku mbili mtajua kwamba mko baharini. Dawa kama sinarizini humezwa saa mbili hivi kabla ya mtikisiko, si baada ya kutapika. Na kwa mzee nina wasiwasi nayo: inaleta usingizi, na mzee mwenye usingizi kwenye ngazi za meli ni nyonga iliyovunjika. Muulizeni daktari wake kwanza. Mama alitumia tangawizi na kutazama upeo wa macho, akawa sawa.

Lakini hapa nataka mnisikilize vizuri. Baharini kila kizunguzungu husingiziwa bahari.

Siku ya Muscat tulikuwa kwenye foleni ya kushuka. Mbele yetu mzee mmoja Mhindi, miaka sabini na kitu, ameegemea ukuta. Mkewe anampepea kwa karatasi ya ratiba huku akiwaambia watu ni bahari, hakulala vizuri, ni bahari. Watu wanaitikia, pole pole. Mimi nikaangalia nje: meli imefungwa gatini tangu alfajiri, haitikisiki hata kidogo. Yule mzee jasho jembamba linamtoka, mikono inatetemeka, ukimuuliza jina anakujibu kitu kingine. Nikamuuliza mkewe, ana sukari? Anayo. Amekula? Amemeza dawa zake zote, chakula walipanga kula nchi kavu ili wasichelewe.

Mashine ya mama ilikuwa kwenye mkoba wake. Nikaweka sindano mpya, tukampima: 2.7. Jamani, chini ya 4 tunaanza kutibu, hatusubiri mtu. Kwa kuwa alikuwa anaweza kumeza, mhudumu alikimbia akaleta juisi ya machungwa, akanywa glasi nzima huku nimemshikilia. Nesi wa meli akafika, Mfilipino, tukatazamana tu, unajua vile nesi na nesi wanavyotazamana. Baada ya dakika 15 alikuwa 4.5 na anauliza kwa nini watu wamemzunguka. Ndipo akapewa mkate na yai, maana juisi peke yake haikai.

Angekuwa amepoteza fahamu, hakuna kumtia chochote mdomoni. Analazwa ubavu, simu inapigwa hospitali ya meli. Namba yao iko kwenye simu ya chumbani, isomeni siku ya kwanza. Na kwenye meli ratiba ya kula huvurugika sana: foleni, basi la matembezi, lifti iliyojaa. Anayedunga au kumeza dawa za kushusha sukari asianze siku kwa dawa na ahadi ya chakula. Mama alikuwa na tende tatu na boksi la juisi mkobani kila siku, hata tukienda tu kutazama maonyesho usiku.

Hospitali ya meli ipo, ina daktari na wauguzi saa 24. Wanaweza kupima moyo, kuweka dripu, kutoa oksijeni, kushona. Upasuaji mkubwa hawafanyi, watakutuliza mpaka bandari ijayo au waite helikopta. Na ni ya kulipia, bili inaingia kwenye akaunti ya chumba kama soda. Bima ya mwajiri wako huku Dubai inaweza isifike baharini kabisa. Nunueni bima ya safari iliyoandikwa wazi kwamba inabeba safari za meli na kusafirishwa kwa dharura, na mtaje sukari na presha kwenye fomu. Ukificha ugonjwa ili bima iwe rahisi, umenunua karatasi.

Kuhara na kutapika: adui mkubwa wa meli ni norovirusi, na sanitaiza haimtoshi. Sabuni na maji, sekunde 20, kabla ya kula na baada ya choo. Ukiugua, sema. Najua watu huficha kwa kuogopa kufungiwa chumbani, lakini ukishika kijiko cha bufee umewagawia mamia. Na mwenye sukari anayetapika asijiamulie kuacha insulini kwa sababu hajala. Amuone daktari siku hiyohiyo.

Nije kwa lile swali la dada mmoja kutoka Changamwe: nilimshawishi vipi mama apande meli?

Watu wa Mombasa mnaijua tarehe 29 Aprili 1994. Feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi, watu 272 wakafa. Mmoja wao khalati yangu, mdogo wake mama wa tumbo moja. Tangu siku hiyo mama huvuka Likoni kwa sababu hana budi, na akivuka husimama ukingoni, mkono umeshika chuma, midomo inasoma. Mimi sikumwambia meli kubwa haizami. Ile Costa Concordia ya mwaka 2012 kule Italia ilikuwa kubwa na watu 32 walikufa, tena waliopanda siku hiyo walikuwa hata hawajafanyiwa zoezi la dharura. Tangu 2015 sheria ya kimataifa inataka zoezi lifanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Hayo ndiyo niliyomweleza. Alinyamaza kama wiki tatu, halafu akapiga simu: "Hilo zoezi, na mimi nitafanya?"

Kwenye kituo chetu cha kukusanyikia, kijana aliyekuwa zamu alisoma jina la mama kwenye kadi, akainuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Likoni."

Mama akamtazama kwa muda. "Boti hii inachukua watu wangapi?"

"150, mama."

"Na kwenye orodha yako tuko wangapi?"

Akamwonyesha karatasi. 138.

"Nani anahesabu?"

"Mimi."

Watu wengi siku hizi hutazama video chumbani, wanapiga kadi kituoni, wanakwenda bwawani. Mama alitaka jaketi. Yule kijana akamvalisha, akamfunga kamba juu ya buibui, akamwonyesha firimbi na taa. Akamfundisha na king'ora: milio saba mifupi na mmoja mrefu. Mama alihesabu kwa vidole. Usiku ule alilala, mimi ndiye niliyekaa macho namsikiliza anavyopumua.

Kuhusu kuswali, mmeuliza wengi: meli inageuka, kwa hiyo kibla cha alasiri si cha magharibi. Dira ya simu inatosha. Simu yenyewe washeni ile alama ya ndege mkiondoka bandarini, mtandao wa meli hukata pesa vibaya sana. Doha iko saa moja nyuma ya Dubai na Muscat, fuateni saa ya meli, si ya simu. Meli haimsubiri aliyejichukulia teksi.

Muscat kwa mzee ni rahisi. Basi la bure linawatoa bandarini hadi geti, na soko la Muttrah liko karibu, kutembea polepole kando ya bahari. Viatu viwe vya kufunika vidole, mwenye sukari hatembei na ndara kwenye mawe. Ndani ya soko mama aliona kofia za vito zimepangwa, akauliza bei kwa Kiswahili bila kufikiri. Mwenye duka akajibu kwa Kiswahili. Kizaliwa wa Unguja, akaondoka mtoto baada ya 1964. Walikaa saa nzima, wanatajiana mitaa. Ikaja kahawa, ikaja halua. Mama akanitazama. Nikamwambia kipande kimoja, na jioni tunapima. Jioni ilikuwa 11.2, na hakuwa na dalili ya kujuta.

Usiku wa mwisho mabegi huwekwa nje ya mlango kabla ya kulala, mtayakuta bandarini asubuhi. Bakisheni dawa za asubuhi, viatu na nguo ya kushukia. Kuna mama mmoja wa Kizungu alishuka Dubai na nguo ya kulalia na koti juu, mabegi yake yote yalikuwa yameshatangulia.

Sehemu ya 5 ni viza, hasa nyie mnaoleta wazazi kwa viza ya kuingia mara moja tu. Msilipie meli kabla hamjaisoma.